Yuko, Yupo, Yumo

Gede, Jumamosi, 4 Januari 2025

Leo nimewaangusha watu tisa.

Tuliingia msitu wa Arabuko-Sokoke jua likiwa bado halijakaza. Mavi ya ndovu mabichi njiani, kwa hiyo tulitembea kwa makini na bila porojo. Saa moja na robo hivi nikamwona fundichuma. Amekaa kwenye tawi, mgongo wake wa kijani umetuelekea, nami ningempita kama asingegeuka. Akageuka, tumbo likawaka nyekundu. Nikanyoosha mkono wote: “Yule pale! Yule pale kwenye mti!”

Kwenye mti. Ndani ya msitu wenye eneo la kilomita mraba 420 hivi.

Walipozidi kuuliza nilizidi kurudia. Pale, palee, juu ya lile jani, mwekundu, mwekundu kabisa, si mnaona? Kila mmoja aliinua darubini upande wake. Mmoja alinitazama mimi, akifuata macho yangu, na naona yeye ndiye aliyekuwa na akili kuliko wote. Aliyemwona ndege ni binti mmoja tu, kwa sababu alikuwa bega kwa bega nami na mkono wangu ulipita mbele ya pua yake. Halafu fundichuma akaondoka. Mwalimu mstaafu, aliyetoka Kilifi kwa matatu ya alfajiri kwa ajili ya asubuhi hii, akasema, “Nimemwona, ahsante binti yangu.” Darubini yake ilikuwa imeelekea mti mwingine kabisa.

Fundichuma si ndege wa kukimbiakimbia. Anaweza kukaa dakika nyingi bila kutikisa hata mkia. Alinipa muda wa kutosha. Mimi ndiye nisiyekuwa na maneno ya kuutumia.

Jumapili, 5 Januari

Nilimpigia Mwalimu kumjulia hali, tukazunguka kwenye habari za nyumbani na bei ya unga, mwisho nikamuuliza kama kweli alimwona fundichuma. Akakaa kimya kidogo. “Niliona nawachelewesha,” akasema. “Watu walikuwa wanangoja niseme.”

Kumbe ni mimi niliyemtoa uongo. Nilimuuliza “umemwona?” mbele ya watu wanane waliokuwa wamesimama na jasho, na muungwana wa pwani akiulizwa hivyo ana jibu moja tu. Ni sawa na kumuuliza mgeni kama ameshiba. Kuanzia sasa nitauliza: anafanya nini? Aliyemwona atasema anajichokoa manyoya, au amelala, au ameng’ang’ania tawi kichwa chini. Ambaye bado, atasema bado, na hataona haya.

Jumamosi, 11 Januari

Kijana mmoja wa chama chetu cha kutazama ndege amesoma katika kitabu cha Kiingereza njia ya uso wa saa. Mti mzima uufanye saa: kileleni kumi na mbili, kulia tatu, chini sita, kushoto tisa. Nikafurahi, nikampa nafasi aongoze.

Tulikuwa kwenye mirihi, ule upande wa msitu ulio wazi, wenye mchanga mweupe, mahali ambapo minana wa Clarke hupita juu kwa makundi. Tukasikia vilio vyao, kundi likatua, kijana akanong’ona kwa nguvu: “Saa tatu! Saa tatu!” Vijana wote wakatazama kulia. Wazee wote wakatazama kushoto.

Nilidhani wazee wamekosea. Kisha nikatazama saa yangu ya mkononi, nikaelewa. Saa tatu asubuhi mshale mfupi haupo kulia, umesimama kwenye tisa, mkono wa kushoto. Sisi tunahesabu saa tangu jua lichomoze, na mshale tunausoma upande wa pili wa duara. Ukimwambia mzee “saa kumi na mbili” anatazama kwenye mizizi, kwa kuwa machweo mshale unaelekea chini. Saa sita, jua la utosi, ndiyo iliyo kileleni. Hakuna aliyekosea. Kila mtu aliifuata saa aliyolelewa nayo, wakageuziana migongo.

Tulipokwisha kuelewana kwamba tuseme “mshale kwenye namba tatu”, minana walikuwa wameshahamia mbali.

Na hawa minana si wa kupotezwa hivi hivi. Wanapatikana katika kaunti ya Kilifi tu, hapa na Dakatcha, si kwingine popote duniani. Wataalamu walimpa mnana huyu jina la kisayansi mwaka 1913, lakini kiota chake hakikupatikana hadi 2013, kwenye maji yenye nyasi ndefu huko Dakatcha. Miaka mia moja watu walikuwa wakikitafuta juu ya miti. Nalifikiria hilo usiku huu: darubini ngapi zilielekezwa kwenye mirihi, na viota vilikuwa chini, kwenye kinamasi.

Jumatano, 15 Januari

Zoezi la uani. Nilipanda ngazi nikabandika kifuniko cha chupa ya soda kwenye mwembe, nikarudi mlangoni pa jikoni. Nikamwita mtoto wa kaka, ana miaka tisa, nikamwambia akitafute kwa maneno yangu tu, sitanyoosha kidole.

“Anzia kwenye shina. Panda juu mpaka kwenye panda ya kwanza.”

“Panda ipi, Shangazi? Hapa nilipo naona mbili.”

Nikabishana naye kidogo, mtu mzima kabisa. Panda ni moja. Kisha nikapiga magoti, nikaweka kichwa changu pale kilipo chake, na kweli: kutoka kimo chake tagaa la nyuma linakatiza mbele ya shina na kufanya panda nyingine. Na kifuniko chenyewe hakionekani kabisa, kimezibwa na kishada cha majani. Nilikuwa namtuma mtoto akatafute kitu ambacho machoni pake hakipo.

Tulicheza mpaka magharibi. Alinifundisha zaidi ya nilivyomfundisha. Mfano: nikisema “karibu na jani kavu”, yeye anaona majani makavu kumi na mawili. Nikisema “juu ya pale uwazi wa mbingu unapofanana na samaki”, anafika mara moja. Matundu ya mwanga kati ya majani ni alama nzuri kuliko majani yenyewe. Lakini tundu lile linafanana na samaki kwa aliyesimama hapa tu. Ukisogea hatua mbili, samaki hayupo. Basi aliyesogea ni lazima aelekezwe upya, na si haki kumkasirikia.

Kushoto na kulia: kushoto kwa nani? Nimeamua kusimama daima nikitazama kule wanakotazama, nikiwapa mgongo ikibidi. Kuwageukia watu kwa adabu kunaharibu mikono yote miwili.

Jumamosi, 18 Januari

Leo nilimfuata Mzee. Ameongoza wageni humu msituni tangu sijajua kusoma, na sijawahi kumsikia akipaza sauti. Hanyooshi hata mkono. Anaonyesha kwa kidevu, kama akina bibi wanavyofanya wasipotaka anayesemwa ajue.

Tulikwenda upande wa udongo mwekundu, kwenye vichaka vya Cynometra, kumtafuta kibundi wa Sokoke. Kibundi huyu ni mfupi kuliko penseli mpya na ana uzito wa gramu 50 hivi. Alitambuliwa kuwa spishi mwaka 1966, na nje ya pwani hii ya Kenya anajulikana tu kwenye misitu ya Usambara Mashariki huko Tanzania. Wako wa kijivu, wako wa hudhurungi, wako wa rangi ya kutu. Mchana hukaa kwenye vichaka vilivyosongamana, mara nyingi dume na jike pamoja, na akishaona mtu hufumba macho mpaka yabaki uzi. Jicho la njano ndilo ambalo lingemfichua. Akilifumba, ni jani kavu.

Mzee aliingia peke yake kwanza, akatuacha njiani karibu nusu saa. Aliporudi hakusema “nimempata”. Alisema: “Tutakwenda mmoja mmoja. Viatu polepole.”

Zamu yangu ilipofika akanisimamisha mahali alipokuwa amesimama yeye, hasa pale pale, nyayo zangu juu ya nyayo zake. “Weka uso wako ulipokuwa uso wangu.” Akaanza kwa sauti ya kunong’ona isiyo na mruzi, maana mruzi wa “s” ndege huusikia.

“Yuko kule,” akasema, na kidevu kikanipa upande tu. Akangoja. Nilipogeuka sawasawa: “Kuna fito mbili zimepishana. Umezifikia?” Nikasema nimezifikia. “Zina nini?” Nikamwambia moja imechubuka. “Ndizo. Pale zinapopishana, shuka kiasi cha shubiri. Yupo pale. Na mwenziwe yumo mle, nyuma yake, kwenye majani. Huyo usimtafute mzima. Tafuta tundu, utaona sikio.”

Niliwaona wote wawili. Nilitoka kinyumenyume, machozi yamenilenga, na sioni sababu ya kulificha hilo katika daftari langu mwenyewe.

Njiani nikamuuliza. Akanijibu kwa swali: “Wewe ukifika kwa watu huwa unasemaje? Unasema ‘yule pale’ na mwenzio hajafika hata kule.” Kisha akanifafanulia, nami nimeandika mara tu nilipokaa chini. *Yuko* ni la kugeuza miili. Unalisema watu wote wakageukie upande mmoja, basi, hakuna zaidi. *Yupo* ni la mahali penyewe, na usilitamke mpaka wenzako wameshaushika mti na tagaa. *Yumo* ni la ndege aliyefunikwa, nalo linamwambia mtu abadilishe namna ya kutazama: asimtafute ndege, atafute pengo, amsubiri apite penye pengo.

Maneno haya nimeyasema tangu nijue kusema. Darasani tuliyachambua ubaoni, ngeli za mahali, po, ko na mo, na mtihani nikaupita. Sikujua kwamba ni vyombo vya kazi.

Jumatano, 22 Januari

Jioni uwanjani na wanafunzi, darubini nne kwa watoto kumi na wawili. Tatizo la wengi halikuwa kuelekezwa. Wanamwona ndege kwa macho, wanateremsha macho kuitafuta darubini kifuani, wakiinuka ndege amepotea. Tumefanya zoezi moja tu: kaza macho kwenye nazi ile, usiyaondoe, lete darubini machoni. Nazi haikimbii. Mara ishirini nazi, kisha kunguru juu ya paa, kisha mbayuwayu wakiwa hewani, na hapo wote tukashindwa tukacheka.

Jumamosi, 1 Februari

Mida, kwenye njia ya mbao katikati ya mikoko. Shaabani imeingia tu, kwa hiyo maji ni ya bamvua. Tulifika saa tisa na nusu, maji yakiwa yanapanda. Huo ndio wakati wake: tope linapungua na ndege wanasogezwa karibu bila mtu kuwafukuza. Ukienda maji yakiwa yametoka kabisa, ndege ni vumbi kwenye upeo.

Hapa mambo ya shina na panda hayasaidii. Ni uwanda wa tope na mamia ya ndege wa rangi ya tope. Nilianza kwa kosa: “Fuateni kile kijito mpaka kinapopinda.” Walipokuwa wakikifuata, maji yalikuwa yameshakimeza kijito chenyewe. Nikachagua mche wa mkoko uliosimama pekee, na mtumbwi ulioegama mbali. Vitu viwili visivyotembea. Kutoka kwenye mche njoo kulia mpaka kwa sululu, yule mkubwa mwenye mdomo kama sururu ya kuchimbia. Sululu akihama, rudi kwenye mche. Ndege mkubwa wa kawaida anafaa kuwa hatua ya njiani, lakini nyumbani pa kurudi pawe kitu chenye mizizi.

Ndege wala-kaa walikuwepo, kundi la arobaini na kitu, weusi na weupe, mdomo mnene mweusi kama koleo. Hao hawakuhitaji maelekezo, hata mtoto aliwapata. Niliwasimulia kwamba hawa huzaa kando ya bahari za Uarabuni na Somalia, kwamba huchimba shimo mchangani kama kaa wenyewe na jike hutaga yai moja humo ndani. Binamu yangu aliyeolewa Maskati nimemtumia picha. Akajibu: waambie wasalimie nyumbani.

Teleskopu niliifunga kwa kimo cha mtoto mfupi kuliko wote. Mrefu anaweza kuinama. Mikono nyuma, kama unapita mbele ya sahani ya mwenye nyumba, kwa sababu kila anayeshika bomba kulisawazisha anamfukuza ndege kwenye kioo. Na ndege anayetembea usimweke katikati: muweke ukingoni, atembee kuingia.

Kisha nikasema, “Tazama yule mdogo anayekimbia ameinamisha kichwa, mdomo umepinda juu kidogo, miguu ya rangi ya machungwa.” Mwalimu akainuka kutoka kwenye kioo.

“Binti yangu, mdomo nimeuona. Anavyokimbia nimeona. Miguu yote mimi naiona ya tope.”

Akanieleza taratibu, watu wengine wakiwa wanazungumza yao. Tangu utotoni nyekundu na kijani kwake ni ndugu wa toka nitoke. Nyanya mbivu sokoni, marehemu mkewe ndiye aliyekuwa akimchagulia. Sasa huziminya kwa kidole na kuombea. Shuleni alifundisha hesabu na hakuna aliyejua.

Hali hii huwapata wanaume zaidi kuliko wanawake, kwa kuwa inarithiwa kupitia kromosomu ya X, nao wanayo moja tu. Hilo nililijua kutoka vitabuni. Sikuwahi kufikiri kwamba lilisimama nyuma yangu msituni tarehe 4 Januari, huku mimi nikirudia “mwekundu, mwekundu kabisa, si mnaona?”

Jumamosi, 8 Februari

Mgeni mmoja alikuja na kalamu ya leza, akamulika moja kwa moja kwenye tawi alilotua mdiria. Mdiria akaondoka kama aliyechomwa. Nilimwomba aizime, akaizima kwa adabu. Mzee husema wako waongozaji wanaoimulika chini kabisa ya ndege, kwenye shina, sekunde moja, wakazima. Mimi nimekataa hata hiyo. Nuru ikishakuwepo hakuna atakayejitaabisha kutafuta neno, na jicho la ndege si la kufanyia majaribio.

Jumamosi, 15 Februari

Tulikuwa watano tu. Kaskazi imekausha msitu, majani yanalia chini ya kiatu, hivyo tulisimama zaidi ya kutembea. Nilisikia fundichuma kabla ya kumwona, ile sauti nzito ya chini inayokuja mbili mbili na kuzidi nguvu. Ilinichukua robo saa kumpata. Sikusema kitu mpaka nilipokuwa na hakika, wala mkono sikuuinua.

Nikasogea nyuma ya Mwalimu, nikainama mpaka jicho langu likawa karibu na sikio lake. Kutoka pale mstari ulikuwa mwingine. Ilinibidi kumsogeza hatua moja upande wa bara.

“Yuko kule, upande wa bahari,” nikasema. Wote wakageuka.

“Kuna mbambakofi mnene, gome limebabuka. Umeufikia?”

“Nimeufikia. Una mtambaa umeuzunguka.”

“Huo. Panda na shina mpaka panda ya kwanza. Shika tagaa la kushoto kwako, lifuate linakopinda. Lina kijitawi kikavu kinachotazama chini.”

“Kinafanana na ndoana.”

Kweli kinafanana na ndoana, ila mimi sikuwa nimekiona hivyo. “Kutoka kwenye ndoana, nyuma kidogo. Yupo pale. Usitafute rangi. Tafuta kitu kilichokaa wima, kimetulia kuliko majani yote, mkia mrefu unaning’inia chini ya tawi.”

Kimya. Nilisikia pumzi yake. Wenzetu wawili wakanong’ona kwamba wameshampata, nikawapungia mkono wasiseme. Muda ulipita, naye hakusema ameona, nami sikumharakisha. Upepo ukatikisa mbambakofi na kila kitu juu yake kikatikisika isipokuwa kimoja.

“Aaa,” akasema Mwalimu.

“Anafanya nini?”

“Hafanyi kitu. Anageuza kichwa polepole, kama mtu aliyelalia shingo vibaya.” Akanyamaza. “Sasa ameruka. Ametua tagaa la juu yake. Amerudi na kitu. Ana kiwavi.”

“Kiwavi?”

“Mdomoni. Bado anajipinda.”

Nilikuwa nimeteremsha darubini ili nimsikilize. Nikaiinua, nikaanzia kwenye ndoana, nikapanda tagaa moja kama alivyosema. Fundichuma alikuwa anamgonga kiwavi kwenye gome, mara mbili, mara tatu, kisha akammeza.

Kwenye orodha ya leo nimeandika: fundichuma, dume, mmoja, saa mbili kasoro dakika kumi, na kiwavi. Pembeni nimeweka jina la Mwalimu, kwa kuwa kiwavi ni wake.